Alnwick au Arundel: ngome ipi umpeleke mgeni wako?

Mgeni kutoka nyumbani akitua Uingereza, siku ya kwanza anataka Big Ben, ya pili anataka uwanja wa timu yake, na ya tatu, miguu ikishachoka na maduka ya Oxford Street, anasema: "Sasa nipeleke nikaone ngome." Wengi wetu tunampeleka Windsor. Iko jirani na London na jina lake halihitaji maelezo. Sina neno na Windsor, ila ile ni nyumba ya mfalme. Anayetaka kujua makabaila waliishije, wale waliokuwa chini ya mfalme kwa cheo lakini wakamnyima usingizi kwa ardhi na askari wao, huyo apelekwe kwingine.

Mimi huwa na majibu mawili. La kwanza ni Alnwick, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Uskoti, kwa ukoo wa Percy wenye cheo cha Duke wa Northumberland. La pili ni Arundel, kusini, mwendo mfupi kutoka baharini, kwa ukoo wa Howard wenye cheo cha Duke wa Norfolk. Duke ndicho cheo cha juu kabisa cha ukabaila wa Kiingereza. Juu yake ni watu wa mfalme tu. Nyumba zote mbili zina wenyewe mpaka leo. Wanalala humo, wanalea watoto humo, na sisi tunaingia kwa tiketi msimu wa joto kuchungulia.

Tamko kwanza, lisije likakuaibisha. Alnwick hutamkwa "Anik". Ukimwambia mkata tiketi "Alini-wiki" atakutazama kama umemtajia kijiji cha mwezini. Arundel haina mtego huo, ila mkazo unakaa mwanzoni kabisa, si kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama ulimi wetu unavyopenda.

Reli ndiyo inayoamua

Watu hupenda kulinganisha minara na bustani, kumbe kinachoamua safari ni treni. Ya Arundel inatoka London Victoria, inapita uwanja wa ndege wa Gatwick, na baada ya saa moja na nusu hivi umefika. Ukishuka tu kituoni unaiona ngome juu ya kilima, na kwa robo saa ya kutembea uko langoni. Unaweza kunywa chai ya asubuhi nyumbani London, ukashinda Arundel, na ukarudi kupika chakula cha usiku.

Alnwick haina huruma hiyo. Kutoka King's Cross ni saa tatu na nusu au zaidi hadi kituo cha Alnmouth, na Alnmouth siyo Alnwick: bado kilomita sita hivi za basi au teksi. Reli ya kuingia mjini ilifungwa mwaka 1968. Jengo la kituo lenyewe lipo, nalo sasa ni Barter Books, duka kubwa la vitabu vilivyokwisha kutumika, lenye treni ya kuchezea inayozunguka juu ya makabati. Ni humo, mwaka 2000, ndani ya sanduku la vitabu vya zamani, lilimookotwa bango la serikali la mwaka 1939 linalowaambia watu watulie na waendelee na kazi, lile lililokuja kuchapwa kwenye vikombe na fulana dunia nzima. Mgeni wangu mmoja alikaa humo saa mbili, ngome ikabaki na saa moja na nusu. Sikumlaumu.

Kwa mkazi wa London, basi, Arundel ni safari ya siku na Alnwick ni safari ya kulala. Ukijaribu kuifanya Alnwick kwa siku moja kutoka London, utarudi umeona madirisha ya treni zaidi ya madirisha ya ngome. Lakini aliyeko Newcastle anafika Alnmouth kwa nusu saa, na wa Edinburgh kwa saa moja na dakika chache. Hao wasome makala hii kichwa chini miguu juu.

Ngome au kasri?

Kiswahili kina busara yake katika jambo hili: ngome ni ya kupigania, kasri ni ya kustarehe. Kwa Mwingereza vyote viwili ni neno moja, na ndiyo maana wageni huingia wakitarajia kimoja wakakuta kingine.

Alnwick kwa nje ni ngome kwelikweli. Ilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11, na ukoo wa Percy ukainunua mwaka 1309 kutoka kwa Anthony Bek, Askofu wa Durham. Hapa palikuwa mpakani, na mpaka ule haukuwa wa kuchezea. Mfalme Malcolm wa Tatu wa Uskoti aliuawa karibu na hapa mwaka 1093, na mjukuu wa mwanawe, Mfalme William, alikamatwa hapa hapa mwaka 1174. Ukiingia lango kuu, inua macho: juu ya kuta wamesimama askari wa mawe, mmoja kana kwamba anakuangushia jiwe. Utaambiwa waliwekwa kuwatisha Waskoti. Hadithi ni tamu kusimulia watoto, ila wengi wa askari hao waliwekwa karne ya 18, wakati adui ameshatulia na mwenye nyumba anapamba.

Halafu unapanda ngazi kuu, mlango unafunguliwa, na uko Italia. Dari zimechongwa na kutiwa dhahabu, kuta zimevikwa hariri. Hii ni kazi ya Algernon, Duke wa nne, aliyemwajiri msanifu Anthony Salvin katika miaka ya 1850 na kuwaleta mafundi kutoka Roma. Ni vigumu kuamini kwamba uko ndani ya kuta zile zile za vita ulizoziona dakika tano zilizopita.

Huyu Algernon, kabla hajawa Duke, alikuwa akiitwa Lord Prudhoe na alizunguka sana bonde la Nile. Simba wawili wa mawe mekundu waliolala ndani ya British Museum, waliochongwa zama za Farao Amenhotep wa Tatu kwa ajili ya hekalu la Soleb, aliwachukua yeye huko Jebel Barkal, Sudan, na kuwakabidhi makumbusho hayo mwaka 1835. Nikiwa ndani ya maktaba yake nzuri, huwa nawakumbuka wale simba kila mara.

Arundel ni kinyume chake. Roger de Montgomery aliianzisha mwaka 1067, mwaka mmoja tu baada ya Wanormani kuiteka Uingereza, kwa kurundika kilima kirefu cha udongo. Kilima kipo, na mnara wa mawe wa karne ya 12 juu yake upo, na lango la kale lipo. Lakini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, majira ya baridi ya 1643 kuingia 1644, majeshi ya Bunge yaliizingira na kuipiga kwa mizinga, na miaka michache baadaye sehemu kubwa ya ulinzi wake ikabomolewa kwa makusudi isitumike tena. Sehemu kubwa ya unayoiona leo kutoka kituoni, ile minara inayong'aa kama ya hadithi za abunuwasi, ni ujenzi wa Duke wa 15, uliomalizika mwaka 1900, mwaka mmoja kabla reli ya kutoka Mombasa haijafika Kisumu. Ilikuwa kati ya nyumba za kwanza za ukubwa ule Uingereza kuwa na taa za umeme na lifti.

Kuna wanaokasirika wakiambiwa hivyo, wakaona wametapeliwa. Mimi sioni hivyo. Tajiri wa zama za Malkia Victoria aliyejijengea ndoto ya zama za kale ni historia pia. Ila kama roho yako inataka mawe yenye makovu, basi Arundel usikae sana vyumbani. Panda mnara wa kale. Ngazi ni nyingi na za juu ni nyembamba, lakini kule unauona mto Arun ukijipinda kuelekea baharini, na mara moja unaelewa kwa nini Roger alichagua pale na si kwingine.

Mwaka 1572

Hapa ndipo koo hizi mbili zinapokutana, na mimi hupenda kumweleza mgeni kisa hiki ndani ya treni, ili akifika mawe yamsemeshe.

Elizabeth wa Kwanza alikuwa malkia wa Kiprotestanti. Mary, malkia wa Uskoti aliyekimbia nchi yake, alikuwa Mkatoliki na amefungiwa Uingereza. Mwaka 1569 makabaila wa kaskazini waliasi wakitaka kurudisha dini ya zamani, na mmoja wa vinara wao alikuwa Thomas Percy, Earl wa saba wa Northumberland (Earl ni cheo kilicho chini ya Duke). Uasi ukazimwa, akakimbilia Uskoti, Waskoti wakamuuza. Alikatwa kichwa mjini York tarehe 22 Agosti 1572. Wakati huo huo Thomas Howard, Duke wa nne wa Norfolk, kabaila mkubwa kuliko wote nchini, alikuwa na mipango ya kumwoa Mary. Alikatwa kichwa London tarehe 2 Juni, mwaka ule ule wa 1572. Nyumba mbili, kusini na kaskazini, matanga ndani ya kiangazi kimoja.

Hawakukoma. Percy aliyefuata alikutwa amekufa kwa risasi ndani ya kifungo cha Tower of London mwaka 1585. Wa baada yake, Earl wa tisa, alikaa humo humo miaka 16 hivi kwa sababu ndugu wa ukoo wake alishiriki njama ya kulipua Bunge kwa baruti mwaka 1605. Akageuza gereza kuwa maktaba na chumba cha majaribio ya sayansi, hadi watu wakamwita mchawi.

Upande wa Arundel, mtoto wa yule Duke aliyekatwa kichwa, Philip Howard, alikamatwa mwaka 1585 akijaribu kutoroka nchi kwa mashua. Alikaa Tower miaka kumi. Alipokaribia kufa aliomba amwone mkewe na mwanawe ambaye hakuwahi kumtia machoni. Akajibiwa kwamba ataruhusiwa akikubali kuhudhuria ibada ya Kiprotestanti hata mara moja. Akakataa, akafa mwaka 1595. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu mwaka 1970, na mabaki yake yamo ndani ya Kanisa Kuu la Arundel, lile jengo refu linaloshindana na ngome kwa urefu pale kilimani. Thomas Percy naye alitangazwa mwenye heri mwaka 1895. Kwa mgeni Mkatoliki, kwa hiyo, swali la Alnwick au Arundel linakwisha hapa. Akija wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo atakuta njia ya katikati ya kanisa imetandikwa zulia la maua mabichi, desturi waliyoianza mwaka 1877.

Kinachonichekesha ni kwamba ukoo wa Howard umebaki na ukatoliki wake na bado Duke wa Norfolk ndiye, kwa urithi, msimamizi mkuu wa sherehe za taifa. Mazishi ya Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 2022 na kutawazwa kwa Mfalme Charles mwaka 2023, yote aliyapanga yeye. Babu yake alikatwa kichwa na malkia, yeye anapanga nani atembee nyuma ya jeneza la malkia.

Shabiki wa Spurs

Hili nalitenga peke yake kwa sababu limewahi kubadilisha safari nzima. Mwana wa Earl wa kwanza wa Northumberland aliitwa Henry Percy. Kwa jinsi alivyokuwa mwepesi kumchochea farasi kwa vile vyuma vya kisiginoni, alipewa jina la Hotspur. Aliuawa vitani Shrewsbury mwaka 1403 akipigana na mfalme aliyekuwa amemsaidia kupata kiti. Karne nyingi baadaye vijana wa Tottenham, mtaa ambao ukoo wa Percy ulikuwa na ardhi, wakaipa timu yao jina lake. Yule jogoo wa kwenye nembo anayesimama juu ya mpira amevaa vyuma hivyo hivyo.

Shemeji yangu, anayeshabikia Spurs tangu akiwa sekondari Morogoro, alikuwa ameshaamua Arundel kwa sababu ya nauli. Nilipomweleza hayo, alinyamaza kidogo, kisha akauliza treni ya Alnmouth inaondoka saa ngapi. Hotspur ana sanamu yake mjini Alnwick, na picha aliyopiga pale ndiyo iliyoko kwenye simu yake mpaka leo. Arundel haina cha kujibu hapo.

Vya ndani

Alnwick ina vyumba vichache vya kutembelea, lakini kila kimoja kimejaa. Kuna picha za Titian, Van Dyck na Canaletto, na makabati mawili yaliyotengenezwa mwaka 1683 kwa ajili ya Louis wa 14 wa Ufaransa. Miongoni mwa hayo ya kutisha, wenyewe wameacha picha zao za familia na makochi ya kukalia kweli. Kwenye ujia mmoja palikuwa pametundikwa picha ndogo ya Bikira Maria na Mtoto ambayo kila mtu aliiona ni nakala tu. Mwaka 1991 mtaalamu mmoja akaitazama vizuri: ilikuwa ya Raphael mwenyewe. National Gallery ya London iliinunua mwaka 2004 kwa pauni milioni 22. Usiitafute Alnwick, basi. Iko Trafalgar Square, na kuiona ni bure.

Arundel ina vyumba vingi zaidi, ukumbi wa karibu mita 40 kwa urefu, maktaba ya mbao za mahogani iliyojengwa kama kanisa, na kitanda alicholalia Malkia Victoria alipotembelea mwaka 1846. Pia ilikuwa na rozari ya dhahabu aliyoishika Mary wa Uskoti akienda kuuawa mwaka 1587. Wezi walivunja na kuingia Mei 2021 wakaondoka nayo pamoja na vitu vingine, vyote kwa thamani ya zaidi ya pauni milioni moja. Usije ukamwahidi mgeni kwamba ataiona. Na ukinunua tiketi, soma vizuri inaruhusu wapi: bustani na mnara ni kitu kimoja, vyumba vya ndani ni kingine.

Lakini kwangu mimi Arundel si vyumba vyake. Ni Kanisa la Fitzalan, jina la ukoo ulioishika Arundel kabla ya Howard, ndani ya uzio wa ngome, lililoanzishwa mwaka 1380. Jengo ni moja, ila limegawanywa: upande mmoja ni parokia ya Waanglikana wa mjini, upande wa pili ni kanisa la Kikatoliki la makaburi ya ukoo, na katikati ni kizuizi cha vyuma na kioo. Simama pale uone madhehebu mawili yakitazamana migongo chini ya paa moja kwa mamia ya miaka.

Makaburi yenyewe ni ya kukaa nayo. Kuna la John Fitzalan, aliyekufa mwaka 1435 baada ya kujeruhiwa mguu vitani Ufaransa. Juu amechongwa kwa vazi la chuma, kijana na mrembo. Chini yake, kwenye kimiani, amechongwa tena akiwa maiti iliyokauka. Kaburi lilipochimbuliwa mwaka 1857 mifupa ilikutwa kweli ina mguu mmoja. Kuna na la Thomas Fitzalan na mkewe Beatriz, binti wa Mfalme João wa Kwanza wa Ureno, waliooana mwaka 1405. Beatriz alikuwa dada, kwa baba, wa yule mwanamfalme Henrique aliyeanza kutuma jahazi za Wareno kushuka pwani ya Afrika. Safari alizozianzisha ndizo zilizokuja kumfikisha Vasco da Gama Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mtu wa pwani akisimama mbele ya kaburi hilo la alabasta nyeupe, ana haki ya kulitazama kwa jicho lake mwenyewe.

Bustani na mashamba

Kwa bustani tu, bila ngome, Alnwick inashinda, na haishindi kidogo. Ila elewa jambo moja kabla hujafungua pochi: Bustani ya Alnwick ni taasisi nyingine na tiketi yake ni nyingine. Watu hufika langoni na watoto wanne wakadhani wamelipia vyote, kumbe wamelipia nusu. Ilianzishwa na Duchess Jane Percy, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2001. Katikati kuna maporomoko makubwa ya maji ya kutengenezwa yanayoshuka kilima ngazi kwa ngazi, na watoto hupewa magari ya kuchezea ya kuchota maji. Kuna mkahawa uliojengwa juu ya miti. Na kuna shamba la micheri meupe zaidi ya 300, aina ya Taihaku, yanayochanua yote kwa pamoja mwishoni mwa Aprili kuingia Mei.

Halafu kuna Bustani ya Sumu, iliyofunguliwa mwaka 2005. Lango ni la chuma jeusi lenye picha za mafuvu, linafungwa kwa kufuli, na huingii bila mwongozaji. Usiguse, usinuse, usionje. Ndani wamepanda mimea inayoua: bangi wanayo, kwa kibali maalumu cha serikali, na mmea wa kokeini wanao. Mwongozaji alipofika kwenye mmea mmoja akashusha sauti, akatueleza jinsi sumu ya mbegu zake inavyoua hata kwa kiasi kidogo sana, Waingereza wote wakarudi nyuma hatua moja. Shangazi akanifinya mkono. "Si mbarika huu?" Ulikuwa mbarika, mnyonyo, ule ule unaoota wenyewe nyuma ya choo nyumbani, ambao bibi alikuwa akikamua mafuta yake. Mbele kidogo ukafuata mnanaha. Shangazi alicheka mpaka mwongozaji akasimamisha maelezo. Kwake hiyo haikuwa bustani ya sumu, ilikuwa kichaka kilichotiwa kufuli. Lakini akakiri, tukiwa tunatoka, kwamba mbegu za mbarika kweli zilishaua mbuzi wa jirani.

Arundel haina vituko hivyo. Bustani yake nzuri zaidi, iliyofunguliwa mwaka 2008, imepewa jina la Earl mkusanyaji, yule Thomas Howard wa karne ya 17 aliyekusanya sanamu za Kigiriki na kuchorwa na Rubens. Kila kitu ni mbao za mwaloni zilizochongwa zionekane kama mawe, na ndani ya banda moja taji la dhahabu linachezacheza juu ya mkondo wa maji bila kuanguka. Msimu wa tulipu, Aprili na mwanzo wa Mei, kilima kizima kinavaa rangi. Wiki hizo ndizo bora kuliko zote Arundel, na kila mtu analijua hilo, kwa hiyo fika mapema.

Kuhusu ardhi pana ya nje, zote mbili zina neema isiyolipiwa. Hulne Park ya Alnwick ni msitu uliozungushiwa ukuta wenye magofu ya nyumba ya watawa wa Karmeli ndani yake. Arundel Park ni milima ya nyasi na ziwa la Swanbourne. Malisho yaliyo chini ya ngome ya Alnwick, ng'ambo ya mto, yalipangwa na Capability Brown, fundi mashuhuri wa bustani wa karne ya 18 na mtoto wa mkoa huo huo, kwa namna ambayo unadhani Mungu ndiye aliyeyapanga. Na mjini Alnwick kuna mnara wenye simba juu, uliojengwa mwaka 1816 na wapangaji wa mashamba kumshukuru Duke kwa kuwapunguzia kodi. Wenyeji husimulia kwamba Duke alipouona akasema kama wana pesa za mnara, basi wana pesa za kodi, akaipandisha. Sijui kama waliomcheka walikuwa wapangaji au wajukuu wao.

Nani apelekwe wapi

Watoto: Alnwick, bila mjadala. Uwanja wa nje wa ngome ndipo palipopigwa filamu za kwanza za Harry Potter, na hapo hapo watoto hufundishwa kupanda ufagio. Tangu mwaka 2023 kuna pia Lilidorei, kijiji kikubwa cha kuchezea kando ya bustani, nacho kina tiketi yake. Andaa pesa na andaa siku mbili.

Mzee mwenye magoti mabovu ana kazi kidogo kote kuwili, ila Arundel ni mbaya zaidi. Mji wenyewe ni mteremko, ngome iko juu, na mnara uko juu ya juu. Mwache akae kanisani na bustanini, wewe panda. Alnwick ina mawe ya kukwaza miguu na ngazi za kuingilia vyumbani, lakini uwanja wake ni tambarare.

Zote mbili hufungwa majira ya baridi, kuanzia karibu na Novemba hadi karibu na mwisho wa Machi. Arundel kwa kawaida hufunga na Jumatatu pia, isipokuwa Agosti na siku za mapumziko ya kitaifa. Mgeni wako akija Desemba, mpeleke Windsor tu, au Bustani ya Alnwick peke yake, ambayo hufunguliwa karibu mwaka mzima.

Mimi mwenyewe, nikiwa na siku moja na mgeni mmoja mtu mzima anayependa kusikiliza, ni Arundel, Jumanne ya Aprili, na Kanisa la Fitzalan kabla ya chakula cha mchana. Nikiwa na usiku mmoja wa kulala, watoto, au shabiki wa Spurs, ni Alnwick: ngome siku ya kwanza, bustani ya pili asubuhi, kisha basi hadi Craster baharini. Kuna njia ya pwani ya kutembea hadi magofu ya Dunstanburgh, na kijijini wanauza heringi wa kukaushwa kwa moshi. Nunua, ila wafunge kwenye mifuko mitatu ya plastiki kabla ya kupanda treni, maana behewa zima litajua umetoka wapi.